Wamehamisha Lekcha Mtandaoni, Kimbweta Wamekiacha



Leo siandiki kuhusu tume ya uchaguzi wala katiba mpya. Naandika kuhusu kozi za mtandaoni. Najua kuna mtu kidole chake kiko njiani kufunga ukurasa. Tulia kwanza, kamanda. Ni siasa ile ile, imebadilisha shati tu.

Kila mwaka tunaimbiwa wimbo wa "elimu ya kidijitali". Mfumo unazinduliwa, utepe unakatwa, picha zinapigwa, kesho yake tunaambiwa elimu imefika kiganjani. Sawa, imefika kiganjani. Swali langu ni dogo tu: ikishafika kiganjani, kichwani inaingiaje?

Hoja yangu naiweka mezani mapema ili asiwepo wa kusema sikueleweka. Kozi nyingi za mtandaoni wanazopewa vijana wa nchi hii hazifundishi, zinasambaza mafaili. Na tatizo hilo halitokani na intaneti. Linatokana na imani ya zamani kabisa kwamba kuna mmoja wa kusema na wengi wa kusikiliza. Imani hiyo mnaijua, maana ndiyo hiyo hiyo inayotuendeshea nchi.

Kilichobaki nyuma

Aliyesoma Mlimani, UDOM, Mzumbe au chuo kingine chochote kikubwa anajua kimbweta. Meza ya saruji, viti vya saruji, juu mti au bati. Sasa muulize mtu yeyote aliyemaliza chuo: ulielewa wapi lile somo gumu? Hatakwambia ukumbi wa mihadhara, ambako alikaa na wenzake mia nne, mhadhiri anasoma slaidi, wa nyuma wanachati. Atakwambia kimbweta. Pale mmoja alileta madesa, wa pili alikuwa ameelewa nusu, wa tatu akauliza swali la kijinga ambalo wote walikuwa nalo ila waliogopa kuuliza. Wakabishana, wakakosea, wakachora mezani kwa chaki, wakapitia mitihani ya miaka iliyopita. Saa nne usiku wakaondoka wameelewa.

Hiyo ndiyo wataalamu wanaiita mbinu shirikishi. Mwanafunzi hakai akimiminiwa. Anafanya kitu na somo: anajibu kabla hajaambiwa jibu, anabisha, anakosea na kurekebishwa, anamweleza mwenzake mpaka yeye mwenyewe anaelewa zaidi. Tofauti ni kwamba kimbweta kilijiendea chenyewe, na mwalimu mzuri anakipanga kwa makusudi ndani ya kozi.

Sasa kozi ilipohamia mtandaoni, walibeba nini? Walibeba lekcha. Slaidi za miaka iliyopita zikageuzwa PDF. Mhadhiri akarekodiwa akiongea saa mbili mfululizo. Likawekwa jukwaa la majadiliano lenye ujumbe mmoja tu, "Karibuni nyote", halafu kimya mpaka mwisho wa muhula. Mwishoni jaribio la kuchagua a, b, c, d. Kimbweta kikabaki kule kule chini ya mti.

Na mwanafunzi wa mtandaoni ndiye aliyekihitaji kuliko wote. Wa kampasi ana wenzake bwenini. Huyu wa mtandaoni yuko Tunduru, yuko Kibondo, anatoka kazini saa kumi na mbili jioni, anamlaza mtoto, anafungua simu saa nne usiku. Yuko peke yake na PDF.

Nimekaa ndani ya kozi ya namna hiyo. Chuo sikitaji, kwa sababu ugonjwa huu si wa chuo kimoja. Niliuliza swali kwenye jukwaa wiki ya tatu. Nilijibiwa mtihani ukiwa umeshapita. Kilichotuokoa ni kundi la WhatsApp tulilolianzisha wenyewe, chuo hakikujua hata kama lipo. Humo kulikuwa na dada mmoja muuguzi wa kituo cha afya, ambaye wastani na mchepuko alitufundisha kwa kutumia idadi ya wagonjwa wake wa nje wa wiki nzima, kwa ujumbe wa sauti wa dakika tatu tatu. Tukambishia, akarudia, tukaelewa. Ada tulilipa chuoni, elimu tukaipata kwa muuguzi.

Ushahidi upo, si maneno ya kijiweni

Kuna watakaosema hizi ni hisia zangu. Basi tuweke namba.

Mwaka 2014, Scott Freeman na wenzake walichapisha nchini Marekani uchambuzi wa tafiti 225 zilizolinganisha lekcha ya kawaida na ufundishaji shirikishi katika kozi za sayansi, uhandisi na hisabati za vyuo vikuu. Waliofundishwa kwa lekcha walifeli kwa wastani wa asilimia 33.8. Waliofundishwa kwa kushirikishwa walifeli kwa asilimia 21.8. Geuza hiyo kwa lugha yetu: katika kila wanafunzi mia, kumi na wawili hawali sapu, hawadisko, hawarudi nyumbani kumweleza mzazi aliyeuza ng'ombe kwamba mambo yameharibika.

Mwaka 2020 ukatoka uchambuzi mwingine wa aina hiyo, ukiongozwa na Elli Theobald, ukiangalia nani anafaidika zaidi. Walikuta kwamba pengo la kufaulu kati ya wanafunzi wa makundi yaliyoachwa nyuma na wenzao lilipungua kwa asilimia 45 pale kozi ilipokuwa shirikishi. Hapo ndipo pananihusu kama mwanasiasa kijana. Mtoto aliyesoma shule ya ada kubwa ataelewa hata kwa lekcha mbovu, maana ana msingi, ana twisheni, ana mjomba mhandisi. Mtoto wa shule ya kata hana hivyo. Ukimpa PDF umemtupa. Kwa hiyo suala la namna ya kufundisha ni suala la nani anapanda na nani anabaki chini.

Hizo tafiti ni za madarasa ya ana kwa ana kwa sehemu kubwa. Je, mtandaoni? Mtandaoni hali ni mbaya zaidi ukifundisha kwa kumwaga. Vyuo vya Harvard na MIT, kwa fedha na majina yote waliyonayo, walifungulia dunia nzima kozi zao. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 kwenye jarida la Science ulionyesha kwamba katika mwaka wa masomo 2017–18, waliomaliza walikuwa kama watatu tu katika kila mia waliojiandikisha. Watatu! Kama MIT kwa video zake za kifahari wanabaki na watatu, wewe wa slaidi zilizoskaniwa kwa pembe utabaki na wangapi?

Harvard hiyo hiyo ina somo jingine. Eric Mazur, mwalimu wa fizikia, alianza mwaka 1991 kuacha kuhubiri. Anatoa swali, kila mmoja anachagua jibu peke yake, kisha wanageukiana na kushawishiana, halafu wanachagua tena. Ndipo yeye anaeleza. Niambie hapo ni kipi kinachohitaji mabilioni. Swali la kura kwenye kundi la WhatsApp au Telegram linafanya kazi hiyo hiyo. Kura ya kwanza, nusu saa ya kubishana kwa sauti na maandishi, kura ya pili, kisha mwalimu anaingia. Mfumo wa Moodle, ambao vyuo vyetu vingi vinao tayari, una vifaa vyote vya kura, makundi, majaribio mafupi na kazi za kusahihishana. Vimelala pale, havijaguswa.

Tulishalifanya hili bila intaneti

Hapa ndipo linaponiuma. Nchi hii ilikuwa mbele.

Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Hapakuwa na simu ya mkononi, hapakuwa na bando. Palikuwa na Radio Tanzania, vijitabu na watu. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima na wenzake wakaandaa viongozi wa vikundi wapatao 75,000. Kwa wiki 12, watu kama milioni mbili walikutana vijijini katika vikundi vidogo. Kipindi kinasikilizwa redioni, kijitabu kinasomwa kwa sauti ili na asiyejua kusoma asikie, halafu wanajadili: hapa kwetu malaria inatoka wapi, maji tunachota wapi, kichocho na minyoo ya safura watoto wanavipata wapi. Kisha wanaamua la kufanya, na wanakwenda kulifanya. Vyoo vilichimbwa, vidimbwi vikafukiwa, nyasi zikafyekwa.

Angalia muundo wake. Nyenzo fupi. Kikundi kidogo. Kiongozi wa kikundi aliyefundwa kuuliza. Swali linalohusu mahali ulipo. Kitendo mwishoni. Hiyo ni kozi ya masafa iliyo shirikishi kuliko asilimia kubwa ya tunachokiona leo, na ilikuwa kwa Kiswahili, kwa wakulima.

Ndiyo, ilikuwa chini ya TANU, na kuna kamanda ameshakunja uso. Kunja tu, lakini ukweli hauna kadi ya chama. Mimi nauliza warithi wao: mlirithi majengo, mkarithi viwanja vya mpira, hili la kuwakusanya watu wajadili mbona hamkulirithi?

Tena Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992. Hatukuanza jana kusomesha watu kwa masafa. Lakini Machi 2020 korona ilipofunga shule na vyuo, sehemu kubwa ya vyuo vyetu havikuwa na cha kumpa mwanafunzi nyumbani. Vilikaa vimefungwa mpaka 1 Juni. Baada ya hapo ndipo ikaanza mbio ya "kwenda kidijitali", na kama ilivyo kwa kila kitu kinachofanywa kwa mbio, walibeba kilichokuwa chepesi kubeba.

Visingizio vyao, kimoja kimoja

"Vijana wenyewe wavivu, hata kamera hawawashi." Hivi ni kijana gani huyo mvivu? Huyu huyu anayekesha kwenye spesi za X akibishana kuhusu bandari mpaka saa nane usiku? Huyu anayejifundisha kuhariri video kwa simu yenye kioo kilichopasuka? Vijana hawakosi hamu ya kushiriki. Wanakosa kitu cha kushiriki. Na kamera hawawashi kwa sababu inakula bando, na kwa sababu nyuma yake kuna chumba cha kupanga wanachoishi wanne. Mwalimu anayepima ushiriki kwa kamera hajui wanafunzi wake wanaishi wapi.

"Mbinu shirikishi ni za nchi tajiri, sisi bando ni ghali." Kinyume chake! Video ya saa mbili inameza bando la wiki. Maswali kumi ya maandishi, sauti ya dakika tatu na mjadala wa kuandika havifikii hata robo ya hapo. Kinachomfilisi mwanafunzi ni lekcha. Na kama serikali ina huruma na bando, Afrika Kusini mwaka 2020 iliyataka makampuni ya simu yafungue tovuti za elimu bila kukata data. Sisi nani alizuia?

"Mhadhiri mmoja ana wanafunzi mia sita, atawajibu saa ngapi?" Hiki ndicho kisingizio pekee chenye ukweli ndani yake, na nawatetea wahadhiri hapa. Mtu anafundisha kozi tano, anasahihisha usiku, halafu unamwongezea mtandao juu bila kumpunguzia kitu. Lakini dawa si kuwageuza wanafunzi kuwa wasomaji wa PDF. Nchi imejaa wahitimu walioko mtaani na vyeti vyao kwenye bahasha ya kaki. Waajirini wawe wawezeshaji, mmoja kwa wanafunzi thelathini, kazi yake kuwasha mjadala, kujibu ndani ya saa 48 na kumpigia simu aliyepotea wiki mbili. Mwaka 1973 walipata viongozi 75,000 wa vikundi. Leo wenye shahada hawana kazi na mnasema watu hakuna.

"Wanafunzi hawachangii mjadala." Mjadala wa lugha gani? Mtu amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, sekondari akakariri Kiingereza, leo unamwambia aandike hoja hadharani mbele ya watu mia sita kwa Kiingereza, kisha unashangaa yuko kimya. Angekuwa kimbwetani angeuliza kwa Kiswahili na angejibiwa kwa Kiswahili, halafu mtihani wangeufanya kwa lugha inayotakiwa. Ruhusuni Kiswahili kwenye majadiliano, muone kama kuna atakayenyamaza.

Kwa nini kweli hawataki

Sasa tufike kwenye mfupa.

Chukua kozi ya fedha za serikali za mitaa. Njia ya mafaili: PDF ya sheria, kurasa mia na kitu, jaribio mwishoni. Njia shirikishi: wiki ya kwanza, kila mwanafunzi anakwenda ofisi ya kijiji au mtaa anakoishi, anaangalia kama taarifa ya mapato na matumizi imebandikwa ubaoni. Anauliza mkutano mkuu wa mwisho ulifanyika lini. Anarudi kwenye kikundi chake cha watu watano, wanalinganisha: kwako ipo, kwangu haipo, kwa nini? Wiki ya pili wanafungua ripoti ya CAG, kila mmoja anatafuta halmashauri yake. Wiki ya tatu ndipo wanasoma sheria, na sasa wanaisoma kwa njaa, maana wana maswali.

Mwanafunzi huyo atafaulu mtihani, hilo halina mjadala. Ila ataondoka na tabia moja mbaya sana kwa watawala: ameshazoea kuuliza na kusubiri jibu. Leo amemuuliza mtendaji wa kijiji. Kesho atamuuliza diwani. Keshokutwa, mbunge.

Paulo Freire, mwalimu wa Brazili aliyewekwa ndani na kisha kwenda uhamishoni baada ya wanajeshi kupindua serikali mwaka 1964, aliufananisha ufundishaji wa kumwaga na benki: mwalimu anaweka akiba, mwanafunzi ni akaunti. Alikuwa akifundisha wakulima kusoma na kuandika, na kwa hilo tu watawala walimwona hatari. Hawakukosea. Mtu aliyejifunza kwa kuuliza hatawaliki kirahisi.

Tazama basi wanavyoutazama mtandao. Mwaka 2018 wakaleta kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizomtaka mwenye blogu alipe zaidi ya shilingi milioni mbili za leseni na ada. Uchaguzi wa 2020, mitandao ya kijamii ikabanwa. Oktoba 2023, wakataka watumiaji wa VPN wajiandikishe. Mei 2025, X ikafungwa. Tarehe 29 Oktoba 2025, intaneti ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na yaliyotokea gizani humo kila mmoja wetu anayajua kwa jina la mtu wake. Unaweza kuniambia serikali ya namna hiyo inataka kijana azungumze mtandaoni darasani? Kwao mtandao mzuri ni ule wa kushusha faili. Ule wa kujibizana ni tishio. Ndiyo maana elimu yao ya kidijitali ina mlango wa kuingilia tu, wa kutokea na swali hauna.

Na sisi tujiangalie

Nisimalizie kwa kuwapiga wao peke yao, itakuwa unafiki.

Chama chetu nacho kina madarasa ya mtandaoni. Tumeyahudhuria. Linaanza saa mbili usiku, linachelewa dakika arobaini. Kiongozi anaongea saa moja na nusu, maiki zote zimefungwa "kwa ajili ya utulivu". Zinabaki dakika tano za maswali. Anayepewa nafasi anatumia nne kusalimia itifaki. Chini pale tunamwaga emoji za makofi: umeeleweka kamanda, moto sana kamanda. Kesho yake muulize mmoja wetu, itikadi ya chama kuhusu ardhi inasemaje? Kimya.

Hiyo tofauti yake na lekcha ya chuo ni ipi? Sisi tunaodai serikali isikilize, madarasa yetu tumeyajenga kwa kufunga maiki. Hatutajenga nchi ya watu wanaohoji kwa wanachama waliofunzwa kupiga makofi. Siku moja, Mungu akipenda, tutashika dola. Kama hatujazoea kuulizwa na wenzetu, tutakuwa kama hawa hawa, bendera tu ndiyo itabadilika rangi.

Tunachodai, na tunachofanya wenyewe

Kwa serikali na vyuo, madai yawe mafupi na yanayopimika:

1. Kozi yoyote ya mtandaoni inayotozwa ada iwe na mwezeshaji wa kila kikundi cha wanafunzi wasiozidi thelathini, na swali lijibiwe ndani ya saa 48.
2. Sehemu ya alama itokane na kazi za kikundi na kazi za mahali mwanafunzi alipo. Mtihani ukiuliza kukariri, kozi itafundisha kukariri, hata umlete malaika afundishe.
3. Video isizidi dakika kumi, na kila video ifuatwe na swali la kufanya.
4. Tovuti za masomo zisikate bando.
5. Kiswahili kiruhusiwe katika majadiliano ya kozi zote.
6. Mhadhiri anayefundisha mtandaoni apewe mafunzo na apunguziwe mzigo wa vipindi. Asiongezewe kazi juu ya kazi.

Kwa serikali za wanafunzi: mnapokwenda kwenye vikao vya menejimenti, msiishie kwenye bumu kuchelewa. Bumu ni haki, piganieni. Lakini ulizeni pia: kozi ya fulani jukwaa lake lina majibu mangapi ya mwalimu muhula huu? Hiyo ni namba, ipo kwenye mfumo, hawawezi kuikana.

Kwa sisi wa jumuiya ya vijana, hatuhitaji kibali cha mtu. Napendekeza kila tawi lifanye hivi mwezi huu. Watu watano watano, kundi moja la WhatsApp. Jumatatu anatumwa ukurasa mmoja tu wa ripoti ya CAG unaohusu halmashauri yenu, pamoja na swali moja la kupigia kura: hapa kosa ni la nani, mweka hazina, mkurugenzi au baraza la madiwani? Kila mtu apige kura kabla hajasoma ya mwenzake. Jumanne na Jumatano mnabishana. Alhamisi mnapiga kura tena. Ijumaa mmoja wenu, na kila wiki awe mwingine, anaandika aya moja ya mlichokubaliana na swali moja la kumpelekea diwani. Kiongozi wa tawi kazi yake ni kuuliza tu, asihutubie. Akihutubia zaidi ya dakika tatu, mkumbusheni kwa adabu: kamanda, maiki.

Kama kuna mwanachama ana simu ya kitochi, mwenzake aliye jirani amsomee. Mwaka 1973 walisomeana vijitabu, haikuwa aibu.

Mkifanya wiki nne mtakuwa mmeijua halmashauri yenu kuliko walivyowahi kutaka muijue, na mtakuwa mmejifunza namna ya kujifunza pamoja, hata siku intaneti ikizimwa tena. Maana kikundi cha watu watano wanaojuana na waliozoea kubishana kwa hoja hakina swichi ya kuzimia.

Lekcha tumeshasikiliza tangu 1961. Sasa tukae kimbwetani.